Nimepewa Mac ofisini, F4 imekufa. Wahasibu wa Mac mnafunga vipi seli za Excel?

#1 Karani wa Kirumba
Wakuu habari za jioni.

Nimehama kazi mwezi uliopita. Nilikotoka nimekaa miaka tisa na Windows. Huku nimekabidhiwa MacBook Air mpya, bado ina nailoni, na mkurugenzi akanipa mkono kama ananikabidhi funguo za nyumba. Nikashukuru. Leo natamani nimrudishie.

Jana kasimama nyuma yangu anataka orodha ya bei. Bidhaa mia mbili na ushee, bei za dola ziko safu ya C, kiwango cha kubadilishia kiko seli moja tu, B1. Hiyo ni kazi ya nusu dakika: =C5*B1, F4 (inaifunga kwa alama za dola, $B$1, isihame ukishusha), Enter, unashusha mpaka chini. Nikabonyeza F4, kikafunguka kiboksi cha kutafutia katikati ya skrini. Nikakifunga, nikabonyeza tena, kikarudi. Nikasema basi nihariri seli kwa F2, mwanga wa skrini ukaongezeka. Bosi akauliza kwa upole kabisa, "Kwenye barua uliandika una uzoefu wa Excel?"

Nikaishia kuandika alama za dola kwa mkono, jasho linanitoka na kiyoyozi kinafanya kazi.

Sasa swali: mnafanyaje? Na dai langu: hii ni mashine ya wapiga picha na watengeneza miziki, si ya mtu wa hesabu. Nipingeni.

#2 Kiti cha Nyuma
Ngoja nivute kiti, wajuzi wanakuja.

#3 Mbobezi wa Shekilango
Pole mkuu. F4 haijafa, imefunikwa tu. Ule mstari wa juu kwenye Mac kazi yake ya kwanza ni mwanga, sauti na kadhalika. Shikilia Fn halafu bonyeza F4, itafanya unayoijua. Ukichoka kushika Fn, ingia System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, tafuta Function Keys, washa kile kiswichi. Kuanzia hapo F2 ni F2 na F4 ni F4. Mwanga ndio utautafuta kwa Fn.

Ila ushauri wangu usihangaike nayo. Zoea Command+T. Ukiwa ndani ya fomula, kila ukiibonyeza inazunguka: $B$1, B$1, $B1, inarudi B1. Kuingia ndani ya seli ni Control+U. Kujumlisha badala ya Alt na ile alama ya sawasawa ni Shift+Command+T. Karibu mjini.

#4 Mama Risiti
#3 mbona yangu F4 haileti kiboksi cha kutafutia? Inamwaga picha za programu zote skrini nzima, mpaka mtoto anafurahi.

#5 Mbobezi wa Shekilango
Mama Risiti yako ya zamani kidogo. Air zilizotoka kabla ya chipu za M za Apple wenyewe, F4 ilikuwa inafungua ule ukurasa wa programu. Kuanzia M1 wakaweka utafutaji. Dawa ni ileile.

#6 Mama Risiti
Ya zamani lakini imelipiwa, asante.

#7 Kijana wa Githurai
Karani, F4 ni mchezo. Subiri Ctrl na mshale.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na ripoti ya mauzo, mistari elfu sita. Nimefungua Excel skrini nzima. Nataka kuruka mpaka mwisho wa data kulia, nikapiga Ctrl na mshale wa kulia vile nimezoea. Shiti yote ikateleza ikaenda zake, nikabaki naangalia picha ya mlima. Nikajua nimefuta kazi ya wiki mbili. Nikamwita jamaa wa IT, akaja, akapiga Ctrl na mshale wa kushoto, ripoti ikarudi. Hakusema neno, akaenda. Kumbe hizo mfumo wenyewe unazitumia kuhama kutoka skrini moja hadi nyingine. Kwa Excel ya Mac unatumia Command na mshale.

Kesho yake nikataka kubadilisha jina la mteja kila mahali. Kwa Windows ni Ctrl+H. Nikajiambia, si nimeshajua, Ctrl huku ni Command? Nikapiga Command+H. Excel yote ikatoweka! Wasee, Command+H kwa Mac ni "jifiche". Nilimwita jamaa wa IT mara ya pili. Safari hii alisema neno.

#8 Kiti cha Nyuma
#7 nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia kuna nini.

#9 Bandari Salama
Tuseme ukweli. Excel ni ya Windows tangu kuzaliwa kwake. Mac wamedandia treni kwa mbele, ndiyo maana kila kitu kimekaa upande upande. Microsoft hawawezi kuitengenezea nyumba ya jirani vizuri kuliko yao. Karani yuko sahihi.

#10 Mzee Disketi
Kijana wa #9, hapo umepotoka. Excel ilitoka kwanza kwenye Macintosh, mwaka 1985. Toleo la Windows likaja 1987. Kwa hiyo aliyedandia ni nani?

Hizo F2 na F4 mnazolilia wala hazikuanza na Excel. Sisi tulioanza na Lotus 1-2-3, programu ya hesabu iliyotamba kabla ya Excel, tunazijua. Lotus ilitoka 1983 kwa kompyuta za IBM, na F2 ilikuwa kuhariri, F4 kufunga seli, F5 kwenda mahali, F9 kukokotoa. Kibodi ya IBM ya wakati huo ilikuwa na vitufe kumi vya F vimepangwa mkono wa kushoto, safu mbili, vitano vitano. Microsoft walipotaka kuwahamisha wahasibu wa Lotus, wakaacha vitufe vilevile ili mtu asijione mgeni.

Mnabisha? Fungua Excel ya Windows, simama kwenye seli tupu, bonyeza mkwaju, huu /. Herufi za menyu zitawaka juu kama umebonyeza Alt. Huo ni urithi wa Lotus, na Lotus nao waliukuta kwenye VisiCalc, programu ya hesabu ya 1979, ambayo nayo ilikuwa ya kompyuta ya Apple.

#11 Kijana wa Githurai
Nimejaribu mkwaju saa hii kwa kompyuta ya cyber. Ni kweli! Miaka yote hii nilidhani nikiugusa Excel inajam.

#12 Bandari Salama
Mzee shikamoo. Nakubali mwaka, ila hoja yangu iko palepale. Kama ilizaliwa Mac, kwa nini F4 iende Windows na Mac ibaki na Command+T? Mtoto wa kwanza ndiye hurithi shamba.

#13 Mzee Disketi
Marahaba. Kwa sababu Macintosh ya 1984 haikuwa na F hata moja kwenye kibodi. Hata vishale havikuwepo! Steve Jobs alitaka watu washike mausi, wasizunguke kwa vitufe. Sasa utaiweka wapi F4 kama kitufe hakipo? Ilibidi kila kitu kiende kwenye Command na herufi. Mimi ndivyo ninavyolielewa.

#14 Mbobezi wa Shekilango
Mzee historia tamu, ila kibodi za Mac zimekuwa na F na vishale miaka mingi sasa, hiyo ya 1984 haiwezi kuwa sababu ya Karani kuaibika jana. Sababu ni moja tu: Apple mfumo wao unajichukulia vitufe kwanza, programu inapewa makombo. Ctrl na mshale umechukuliwa, F11 imechukuliwa (ukitaka grafu ya haraka unaletewa desktopu), Command+H imechukuliwa. Excel yenyewe ya Mac haina ubaya, na Ctrl nyingi za Windows zinafanya kazi humo. Ctrl+D ya kujaza chini inafanya kazi. Ctrl na nukta-mkato inaandika tarehe ya leo kama kawaida. Tatizo ni nani anafika kwanza kwenye kitufe.

#15 Bin Mutrah
Salamu kutoka Maskati. Naunga mkono #14 kwa ushahidi.

Kazi zetu ni za lugha mbili, Kiarabu na Kiingereza, kwa hiyo kibodi yangu ina lugha mbili. Kuchagua safu nzima kwenye Excel ni Control+Space. Nabonyeza, safu haichaguliki, nafikiri sijabonyeza sawa, nabonyeza tena, naendelea kuandika: nusu ya jina la mteja Kiingereza, nusu Kiarabu. Control+Space kwenye Mac ndiyo inayobadilisha lugha ya kibodi! Wenye lugha moja hamuwezi kuliona hili, nyinyi kwenu hakuna cha kubadilisha.

Nimeenda kwenye Keyboard Shortcuts, sehemu ya Input Sources, nikaondoa tiki. Sasa safu zinachaguliwa. Lakini bado kuna shiti za kutoka kulia kwenda kushoto, safu ya A iko mkono wa kulia kabisa. Hizo tuziache, tutakesha.

#16 Kadogo wa Lubumbashi
Miye niko Lubumbashi, kibodi yetu ni ya Kifaransa. Nasoma hii vita ya F4 nashangaa. Kwetu alama ya dola iko kitufe kimoja, bila hata Shift. Nataka $B$1, napiga dola, B, dola, 1. Imekwisha. F4 ni ya nini?

(Sawa, hiyo 1 kwetu inahitaji Shift. Hamtaacha kunicheka.)

Shida yetu ni ingine: Excel ya Kifaransa SUM inaitwa SOMME, IF ni SI, VLOOKUP ni RECHERCHEV. Faili ukilifungua linajitafsiri lenyewe, hakuna tabu. Lakini mtu wa Nairobi akikuandikia fomula kwa WhatsApp, uinakili, unapata makosa tu. Na yeye anatenganisha kwa koma, miye natenganisha kwa nukta-mkato. Kwa sababu koma yetu ni ya desimali.

#17 Karani wa Kirumba
#16 umenifungua macho, leo nimeandika dola kwa mkono mara ya pili bila aibu.

#3 Command+T imekubali, shukrani. Nimeandika kwenye karatasi nikabandika chini ya skrini. Bado natafuta ile ya kubandika thamani tupu bila fomula. Vidole vinajua Alt, E, S, V. Ukiniuliza kwa mdomo siijui, mpaka nishike kibodi.

#18 Mwalimu wa Taipu
Karani, hapo kwenye "vidole vinajua" ndipo penyewe. Nimefundisha taipu Moshi tangu zile mashine za chuma, naomba niwapinge Mzee na Mbobezi kwa pamoja.

Wekeni mkono kibodini muangalie. Windows, kitufe kikuu ni Ctrl, kiko pembeni kabisa, unakibonyeza kwa kidole kidogo. Mac, Command kiko jirani na kitufe cha nafasi, unakibonyeza kwa gumba. Sasa mahali gumba linapotua kwenye Mac, kwenye Windows pana Alt. Kwa hiyo mkono mzima unajifunza umbo jipya, na kila umbo la zamani linatua kwenye kitufe chenye maana nyingine. Hata mngezipatanisha zote, F4 kwa F4 na H kwa H, bado mtu angekosea wiki tatu za mwanzo. Nimewaona wanafunzi wakihama kutoka mashine ya taipu kwenda kompyuta, mwaka mzima wanarudisha mkono kusukuma kigari ambacho hakipo.

Mzee, shikamoo pia.

#19 Mzee Disketi
Marahaba Mwalimu. Kigari! Umenikumbusha kengele yake.

#20 Mbobezi wa Shekilango
Karani: Control+Command+V inafungua kile kidirisha cha kubandika maalumu, chagua Values. Kwenye Excel yangu ya Mac ile ngazi ya Alt herufi kwa herufi sijawahi kuipata, na hiyo nakubali ni pigo. Kurudia kitendo cha mwisho, ile F4 nyingine ya kupaka rangi seli moja kisha nyingine, kwenye Mac ni Command+Y.

Mwalimu, kama ni gumba tu, dawa ipo. Humohumo kwenye mipangilio ya kibodi kuna Modifier Keys, unabadilishanisha Control na Command. Kidole kidogo kinarudi kazini.

#21 Mama Risiti
#20 usimdanganye mwenzio. Mimi nilibadilishanisha. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili msaidizi wangu kaazima mashine kutuma ankara, kabonyeza Command+C, haikunakili, akabandika kilichokuwepo tangu asubuhi: ujumbe niliokuwa namwandikia dada yangu kuhusu mchango wa harusi. Mteja akajibu, "Tumeona, na sisi tutachangia." Nikarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani.

#22 Kiti cha Nyuma
Alichanga?

#23 Mama Risiti
Alichanga.

#24 Ngwini wa Mbeya
Nyie mnalia na kompyuta ya mamilioni. Sisi ofisini leseni ziliisha, bosi akaamua tuhamie Linux badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Office, bure. Mimi ndiye niliyempa wazo, kwa hiyo lawama zote zangu.

F2 na F4 ziko sawa, hatukulia huko. Tulilia kwenye Alt+Enter. Kwenye Excel ya Windows inakupa mstari mpya ndani ya seli, na Ctrl+Enter inajaza seli zote ulizochagua. Kwenye Calc, ndiyo Excel ya LibreOffice, wamezigeuza: Ctrl+Enter ndiyo mstari mpya, Alt+Enter ndiyo ya kujaza. Sasa dada wa madeni alikuwa amechagua seli arobaini, pengine alitaka kuzipaka rangi. Akaandika kwenye ya kwanza "Amelipa", akapiga Alt+Enter aongeze tarehe chini yake. Wadaiwa arobaini wakawa wamelipa kwa sekunde moja. Na akahifadhi.

Tuliligundua siku ya kupiga simu, hakukuwa na wa kumpigia.

#25 Kijana wa Githurai
#24 nipe jina la hiyo ofisi nikakope.

#26 Bandari Salama
Ngwini, na ile ya Delete? Mimi nilijaribu LibreOffice nikarudi mbio. Kila nikifuta seli kinakuja kidirisha kinaniuliza nataka kufuta nini, maandishi, namba, tarehe. Nataka kufuta!

#27 Ngwini wa Mbeya
#26 ulikuwa unabonyeza Backspace, au kuna mtu alikuwekea vitufe vya zamani. Nenda Tools, Options, LibreOffice Calc, Compatibility. Pana Key bindings, chaguo mbili: Default na OpenOffice.org legacy. Kwenye Default, Delete inafuta moja kwa moja na Backspace inauliza. Kwenye legacy ni kinyume. Hata Ctrl+D inabadilika humo: Default inajaza chini kama Excel, legacy inakufungulia orodha ya kuchagua.

Hii nayo naitoa kama ushahidi. LibreOffice walijitenga na OpenOffice mwaka 2010, na mpaka leo wamebeba vitufe vya nyumba waliyoihama, kwa ajili ya waliozoea. Kwa hiyo mimi niko na Mzee: ni urithi.

#28 Mwalimu wa Taipu
"Kwa ajili ya waliozoea". Ngwini, umesema uko na Mzee lakini hoja uliyoileta ni yangu.

#29 Mzee Disketi
Mwalimu tugawane.

Halafu Karani, nina neno moja nje ya vitufe. Huko ofisini kama kuna mafaili ya Mac za zamani, chunga tarehe. Excel za Mac zamani zilihesabu siku kuanzia 1904, za Windows kuanzia 1900. Tofauti ni siku 1,462. Ukinakili tarehe kutoka faili la namna hiyo kwenda faili la kawaida, ankara ya 15 Machi 2024 itasomeka 14 Machi 2020, na hakuna alama nyekundu ya kukuonya. Matoleo mapya ya Mac yanatumia 1900, lakini faili la zamani hubaki na kalenda yake. Na hiyo ya 1900 yenyewe ina tarehe 29 Februari 1900 ambayo haijawahi kuwepo duniani. Ilitoka Lotus, Excel wakaibeba makusudi ili hesabu zilingane.

#30 Mbobezi wa Shekilango
Mzee kila njia kwako inaishia Lotus.

#31 Mzee Disketi
Kwa sababu inaishia huko.

#32 Karani wa Kirumba
Wakuu, mrejesho. Wiki ya tatu imeisha.

Nimekagua mafaili ya hapa kama alivyosema Mzee. Moja lilikuwa na ile kalenda ya 1904, la mikataba ya kodi ya ghala. Nimenyamaza kwanza, natafuta namna ya kumwambia bosi.

Vitufe: Command+T sasa naipiga bila kuangalia karatasi. Command na mshale pia. Bado Command+H inanipata mara moja kwa siku, kwa kawaida saa kumi jioni nikiwa nimechoka.

Kilichoniuma ni Jumamosi. Nimeenda dukani kwa mke wangu kumsaidia kufunga hesabu, kompyuta yake ni Windows ileile niliyomfundisha mimi. Nataka kunakili, gumba likatua kwenye Alt. Narudia, Alt. Menyu zinawaka herufi juu, mimi natoa macho. Mke wangu akanisogeza na kiti changu, akasema, "Toka, kaa pale uhesabu risiti."

Kwa hiyo sasa sina kwangu. Mwalimu, hii ya kujua zote mbili kwa pamoja inawezekana, au mtu anachagua?

#33 Mwalimu wa Taipu
Inawezekana. Wanaopiga kinanda na gitaa hawachanganyi. Lakini hawapigi vyote Jumamosi moja.

#34 Bandari Salama
Mimi nasimamia #9. Uza hiyo Mac.

#35 Karani wa Kirumba
Ni ya ofisi mkuu.

#36 Kiti cha Nyuma
Na ile ya Mama Risiti? Iliyolipiwa?

#37 Mama Risiti
Njoo PM na bei ya maana.